Jina la Toyota Halitoshi

Ukiingia bondi ya magari Kampala, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje, iwe Nakawa au Lugogo, muuzaji hukufungulia mlango kwanza. Atakuonyesha viti, redio, kamera ya nyuma. Boneti huja mwisho, tena kama mnunuzi ameomba. Na mnunuzi mwenyewe, akishaona injini imeoshwa ikang'aa, huuliza jambo moja tu: "Bosi, hii ni Toyota kweli?" Anajibiwa kwamba ni Toyota, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Naamini hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa. Kampuni hiyo imetoa injini nyingi mno katika miaka 30 iliyopita, na hazikuzaliwa sawa. Zipo zinazodumu mpaka bodi inaoza kwa kutu, na zipo zinazomtesa mwenye gari tangu mwaka wa kwanza.

Chukua Premio ya umbo la mwaka 2001 hadi 2007, ile iliyojaa barabarani kuanzia Ntinda hadi Mbarara. Kwa nje ni gari lile lile. Ndani kuna injini tatu zenye tabia tofauti kabisa. Kwenye kibati cha chini ya boneti, NZT240 maana yake ni injini ya 1NZ-FE, cc 1,497. ZZT240 ni 1ZZ-FE ya lita 1.8. AZT240 ni 1AZ-FSE ya lita mbili, yenye mfumo wa kupuliza petroli unaoitwa D-4.

Ile ya kwanza ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Haina maajabu yoyote. Inatumia cheni badala ya belti ya taimingi, inapuliza petroli kwenye njia ya hewa kabla ya vali kama injini za kawaida, na sehemu zake ni zile zile zilizomo kwenye Vitz, Ist, Raum, Fielder, Probox na Sienta. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Spea ambayo inaingia magari sita haikosekani Kisekka, soko la spea la Kampala, na fundi aliyefungua injini hiyo kila wiki hahitaji kukisia.

Ya pili ina kasoro inayojulikana dunia nzima. Katika matoleo yaliyotoka kabla ya mwaka 2005 hivi, vitundu vya pistoni vinavyorudisha oili chini vilikuwa vidogo mno. Vikiziba kwa masizi, ringi zinanata, na oili inapanda kuungua pamoja na petroli. Gari halitoi dalili kubwa mwanzoni. Linakula oili kimya kimya, na mwenye gari asiyevuta kijiti cha kupimia anaweza kutoka Kampala na oili nusu akafika Lukaya injini ikigonga. Kampuni ilirekebisha pistoni baadaye, kwa hiyo 1ZZ ya mwaka 2006 ina maisha tofauti na ya mwaka 2002.

Ya tatu hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Wazo ni zuri, maana linapunguza matumizi ya mafuta. Lakini pampu yake ya shinikizo na nozeli zake zinataka petroli safi, na vali za kuingiza hewa haziguswi kamwe na petroli ya kuzisafisha, hivyo masizi hujikusanya mgongoni mwake. Kwa mafuta ya Japani na gereji za Japani inastahimili. Kwa mafuta ya kituo usichokijua huko njiani, inaanza kutetemeka ikiwa imesimama, kisha inakataa kuwaka asubuhi. Injini hiyo hiyo imo kwenye Wish ya lita mbili, na watu wanaendelea kuinunua kwa sababu gari ni zuri na lina nafasi. GDI ya Mitsubishi, yenye mfumo kama huo na iliyoingia sokoni mwaka 1996, ilileta kilio cha aina hiyo hiyo Afrika Mashariki nzima.

Kwa hiyo ninapoulizwa injini gani inadumu, jibu langu huanza na namba zilizoandikwa kwenye kibati. Lakini namba peke yake haisemi kwa nini.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kiasi cha kazi injini inayopewa ikilinganishwa na ukubwa wake. Tazama 1HZ, dizeli ya silinda sita ya Land Cruiser, ile iliyo kwenye magari meupe ya mashirika ya misaada unayokutana nayo Yumbe, Adjumani na Moroto. Ilitoka mwaka 1990 na imeendelea kutengenezwa miaka yote hii kwa ajili ya nchi kama zetu. Ina lita 4.2 na inatoa nguvu za farasi 130 hivi, yaani kama farasi 31 kwa kila lita. Dizeli mpya ya Toyota, 1GD ya lita 2.8, katika toleo lake kali hutoa farasi 204, karibu 74 kwa kila lita. Mtu mwenye uwezo wa kubeba kilo 60 ukimpa 20 kila siku, mgongo wake utafika uzeeni. 1HZ haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini), haina kompyuta ya kuamua dizeli iingie lini, na bloku yake ni chuma cha kusubu. Pampu yake ni ya kimakanika. Ikikuzimikia katikati ya Karamoja, kama dizeli inafika na hewa inafika na betri iko, utaiwasha.

Lakini nayo isifanywe malaika. Ina belti ya taimingi, na wapo wanaoisahau kwa sababu wamesikia kwamba 1HZ haifi. Belti ikikatika vali zinagongana na pistoni. Pampu yake ni ya kuzunguka, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaisaga polepole. Na wale wanaoifunga tabo ili ikimbie wanaiharibu, kwa kuwa vyumba vyake vya kuchomea havikuundwa kwa moto wa kiasi hicho na hupasuka. Ukweli mwingine ni kwamba ni nzito na inakunywa. Anayeishi Kira na kufanya kazi Nakasero haihitaji, hata kama pesa anazo.

Sasa iweke kando ya ndugu yake, 1KZ-TE, dizeli ya lita tatu yenye tabo iliyokuwa kwenye Surf na Prado za miaka ya 1990. Kampuni ile ile, miaka ile ile. Silinda hedi yake ni ya alumini na inachukua joto jingi la tabo. Ikichemsha mara moja tu, hedi inaweza kupasuka kati ya vali. Wengi walionunua magari hayo walinunua pia hedi ya pili, na baadhi ya tatu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana katika nchi hii joto linaua injini nyingi kuliko uzee, na sehemu kubwa ya mauaji hayo hufanyika gereji.

Maji huchemka kwa digrii 100 ukiwa Mombasa. Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye digrii 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni digrii 93. Injini yenye afya inafanya kazi karibu na digrii hizo hizo. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao una springi ya kushikilia shinikizo ndani ya mfumo na kukipandisha kiwango cha kuchemka kupita digrii 110. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo kabisa. Springi yake ikilegea, gari linalotembea vizuri Kampala litachemsha kwenye miinuko ya Kigezi, na dereva atalaumu mlima. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima, wakabadilisha pampu ya maji, wakasaga hedi, na mfuniko ule ule uliochoka ukarudishwa juu.

Halafu kuna themostati. Peleka gari linalochemsha kwenye gereji nyingi za mtaani na jambo la kwanza fundi atakalofanya ni kuing'oa. Ukimuuliza utaambiwa, "Mzee, hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, hapa kwetu hakina kazi." Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi mpaka imekuwa kama sheria, na si kweli. Themostati hukaa imefungwa mpaka maji yafike digrii 80 hivi, ili injini ipate joto upesi. Ukiing'oa, injini inazunguka ikiwa baridi kwa muda mrefu. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha, na oili inageuka tope. Yote hayo hayaonekani kwa mwezi mmoja. Yanaonekana baada ya miaka miwili, wakati fundi yule amekwisha kusahau.

Na kuna jambo ambalo mafundi wenyewe hushangaa wakionyeshwa. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiiondoa, mkato unabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inakwepa rejeta hata injini inapohitaji kupozwa sana. Yaani kitu kilichong'olewa ili gari lisichemshe kinaweza kulifanya lichemshe ukipanda mlima na mzigo.

Ongeza hapo maji ya kisima yaliyojaa madini, yanayomiminwa kwenye rejeta kutoka kwenye jerikeni lolote lililo karibu. Chokaa inajenga ukuta ndani ya mabomba membamba ya rejeta, na alumini inaliwa na kutu. Dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi yaliyotoneshwa inagharimu kidogo kuliko gasketi moja ya hedi, achilia mbali fundi wa kuifunga.

Kuhusu oili sitakaa sana. Kila mtu anajua ibadilishwe, na wengi hawabadilishi kwa wakati. Neno moja tu: injini zenye VVT-i hutumia shinikizo la oili kugeuza muda wa vali, kupitia tundu na chujio dogo sana. Oili nzito ya lori ukiimimina kwenye Vitz kwa kudhani uzito ndio ulinzi, au oili bandia yenye lebo nzuri, inaziba hapo. Na vumbi, hasa kaskazini, linastahili kuogopwa kama moto. Chujio cha hewa cha karatasi kikipulizwa kwa kompresa mara kwa mara hutoboka vitundu visivyoonekana, na mchanga laini unaopita hapo husugua silinda kila pistoni inapopanda. Nunua kipya.

Malori yana hadithi yake, na ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa lori ndilo linalotuletea kila kitu katika nchi isiyo na bahari.

Fuso Fighter yenye 6D16, lita 7.5 bila tabo, imebeba mchanga wa Lwera na matoke ya Isingiro kwa miaka mingi, mara nyingi kupita uzito halali. Ndugu yake mdogo ni Canter ya 4D33. Upande wa Isuzu kuna 4HF1 ya lita 4.3, nayo haina tabo. 6D16 ina fadhila ambayo 1HZ haina. Pampu yake ya dizeli ni ya mstari, na sehemu kubwa ya ndani yake hulainishwa na oili ya injini badala ya dizeli. Hivyo inavumilia mafuta mabaya kuliko mfumo wowote uliokuja baada yake. Mtu anayefanya kazi ya mchanga na kununua dizeli popote anapopata, asidanganywe na lori lenye kabini ya kupendeza zaidi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kila chenye kompyuta ni kibaya. Mfano wangu ni lori la Mercedes-Benz, Actros ya zamani yenye injini ya OM501, V6 ya karibu lita 12, iliyotoka mwaka 1996. Ina umeme wa kutosha. Lakini waliounda walifikiria lori ambalo litaharibika mbali. Kila silinda ina hedi yake peke yake, na kila silinda ina pampu yake ndogo ya dizeli. Hedi moja ikipasuka unaondoa hiyo moja. Pampu moja ikifa lori linatembea likikohoa mpaka Tororo, na huko unabadilisha hiyo moja. Silinda zake zina mikono, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, inayotolewa na kuingizwa mingine. Injini ya Scania ya lita 13 nayo ina hedi ya peke yake kwa kila silinda. Ndiyo maana malori haya yaliyochoka Ulaya yanaanza maisha ya pili kwenye barabara ya Mombasa hadi Kampala, na maisha ya tatu kati ya Elegu na Juba.

Linganisha na 1NZ niliyoisifu hapo juu. Bloku yake ni ya alumini yenye mikono myembamba ya chuma iliyosubiwa humo humo, haikukusudiwa kuchongwa upya. Ikichakaa, dawa ni kununua injini ya sekeni na kupeleka namba mpya kuandikishwa. Inadumu sana, kisha inatupwa. Injini ya lori inadumu, inafunguliwa, inadumu tena. Hizo ni aina mbili tofauti za kudumu, na mtu anapaswa kujua anunue ipi.

Tukisema kilomita za lori tuwe waangalifu. Injini inayonguruma usiku kucha kwenye foleni ya mpakani Malaba haiongezi hata kilomita moja kwenye dashibodi, lakini oili inachakaa. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni hiyo ilifika makumi ya kilomita, na mashine zile zilizeeka zikiwa zimesimama. Tajiri mwenye busara anahesabu saa za injini, si kilomita peke yake.

Na hapo namgusa mwenye kamunye, teksi ya abiria, pia. HiAce ni gari imara, injini zake za dizeli zinazoitwa 3L na 5L (ni majina, si lita) zimehudumu bila kelele tangu zamani. Lakini mfumo wetu wa kazi unazinyonya. Dereva analeta kiwango cha siku, anachobakiza ni chake. Akisimama dakika 20 kwa sababu mshale wa joto umepanda, zile 20 ni pesa yake. Akiendelea, gasketi itakayoungua ni ya tajiri. Nani hapo ana sababu ya kuihurumia injini? Marekani alikuwepo mwalimu mmoja, Irv Gordon, aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kuiendesha mwenyewe mpaka ikapita maili milioni tatu mwaka 2013, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Injini ilikuwa ya kawaida tu, lita 1.8. Ila mwendeshaji, mlipaji na mwenye gari walikuwa mtu mmoja, na alifuata ratiba ya kitabu. Tajiri wa teksi anayetaka injini idumu angemlipa dereva sehemu kwa kila mwezi ambao gari halikuchemsha. Sijaona mpango rahisi kuliko huo.

Wazee wataniuliza kuhusu Peugeot. Wana haki. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano hayo yalivuka hadi Uganda, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Injini zake za petroli zilikuwa na mikono ya silinda ya kuchomoa, kama za malori makubwa. Ungeipa injini maisha mapya bila mashine ya kuchonga. Kwa ubunifu ilizishinda nyingi za leo. Mbona haziko? Kwa sababu spea ziliadimika, na mafundi waliozijua wakastaafu bila kufundisha. Chuma kilikuwa bado kizima. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba nusu ya uimara wa injini iko kwa wauza spea na mafundi wa Kisekka na Katwe, wala si Japani.

Nalo linanitia wasiwasi kuhusu tunakoelekea. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria iliyokataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kwa hewa tunayovuta Kampala naiunga mkono. Lakini maana yake ni kwamba injini za kizamani za chuma, zisizo na kompyuta, zinapungua kila mwaka, na zinazoingia ni dizeli za reli moja, yaani bomba moja linalolisha nozeli zote, zenye shinikizo la maelfu ya bari, nozeli zenye matundu membamba karibu kama unywele, na vichujio vya moshi. Dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni ilianza kuwa kiwango cha Afrika Mashariki Januari 2015, na hilo limesaidia. Bado kuna anayechanganya mafuta ya taa, na bado kuna fundi anayetoboa kichujio cha moshi kwa sababu hana kifaa cha kusoma kinalalamika nini. Chuo kama Nakawa, ambacho kimefundisha ufundi tangu mwaka 1971, kingepaswa kuwa na mafundi wa mitaani wanaorudi jioni kujifunza mifumo hii, na serikali inayokusanya ushuru wa magari ingelipia sehemu ya ada. Fundi mwenye miaka 20 ya mikono yenye grisi atajifunza kompyuta ya gari kwa miezi michache akipewa nafasi. Kinyume chake huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa anayekwenda bondi kesho: nenda asubuhi na mapema kabla hawajaliwasha gari. Soma kibati. Gusa bloku, ikiwa ya moto wamekuficha kitu. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna tope la rangi ya maziwa, kisha mfuniko wa rejeta uone kama maji yana kutu au mafuta. Mwache fundi wako awashe, wewe usimame nyuma ya bomba la moshi. Moshi ukiwa wa bluu na haukomi, ondoka. Kama ni dizeli, omba kipimo cha mgandamizo wa kila silinda kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, na muuzaji akikataa kipimo hicho, bondi ya jirani iko wazi.